Kobe Wenye Rangi ya Bibi

Machi 4

Mjukuu wangu Profesa,

Hujambo wewe huko chuoni? Kifua chako hakijaanza tena kupiga filimbi? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto limeamua kuishi maisha yake bila kumshauri mwenzake.

Sasa kaa chini usikie. Jana nimekamata kobe wa bwawani ishirini kabla sijanywa chai. Ishirini! Wazee wenzangu pale kwenye benchi la fundi viatu wamekosa la kusema, na unajua wale hata wakilala wanasema.

Haya, walikuwa watatu. Na mmoja kati ya hao watatu, nilipomgeuza, alikuwa kiatu cha mpira. Lakini mtego ulikuwa mzito kweli, mimi nikahesabu kwa mgongo badala ya macho.

Kazi yako naifanya kama ulivyoniachia. Mitego sita ya wavu, nusu ndani ya maji, nusu nje ili wapate kupumua. Chambo ni vichwa vya samaki, napewa bure na muuza samaki anayeamini nina paka tisa. Asubuhi navaa mabuti yangu ya zamani ya stoo ya kiwandani, naingia bwawani, nachomoa, natazama mgongo, naachia. Ukiniuliza mimi, hiyo elimu yenu ya viumbe na makazi yao ni kazi ya stoo tu, ila bidhaa zina miguu na zinakukojolea.

Wale arobaini tuliowapaka rangi ulipokuwa hapa mwezi uliopita wamenizoea. Yupo mmoja anatoa shingo na kunitazama mpaka nataka kukiri makosa, nimemwita Hakimu. Mwingine mpana, akipita njia wenzake wote wanampisha. Huyo ni Mama Mkwe. Kila nikiona ule wekundu mgongoni mwao namkumbuka marehemu bibi yako. Hujasahau lakini kwamba chupa ile ya rangi ya kucha uliyoimaliza juu ya kobe ilikuwa yake? Ulisema utanirudishia nyingine. Nimeandika.

Ni mimi babu yako,
mkamata viatu

Machi 12

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limerudi nyumbani. Mimi sijambo, kifua kimetulia, ila silali vizuri kwa ajili ya ripoti. Ofisi ya mazingira inaitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Wenye kile kiwanda chako cha zamani wameomba kufukia upande wa kusini wa bwawa wapate uwanja wa kuegesha malori, na ofisi haiwezi kuwajibu mpaka ijue kobe wako wangapi. Mwalimu wangu amenikabidhi kazi yote. Ni mara ya kwanza jina langu kuwekwa kwenye ripoti, Babu, peke yake, bila la mtu mwingine mbele.

Kwa hiyo nakuomba, raundi hii ya pili ifanye kwa siku kumi kamili. Kila kobe unayemkamata mtie doti ya kalamu nyeusi tumboni, ile isiyofutika, ili akirudi kesho umjue. Kobe mmoja usimwandike mara mbili, tafadhali, hapo ndipo watu wengi huharibu. Mwisho niandikie namba mbili tu: jumla ya uliowakamata, na kati yao wangapi wana rangi nyekundu mgongoni.

Najua utasema nakufundisha kazi uliyoifanya miaka thelathini na miwili. Ndiyo maana nimekupa wewe.

Mjukuu wako anayekupenda

Machi 23

Profesa wangu,

Za masomo? Za kifua? Huku salama, mvua haijaja, bwawa limeshuka kidogo, na fundi viatu amekishona kile kiatu nilichokamata. Anatafuta mwenzake.

Siku kumi zimekwisha. Namba zako hizi hapa: jumla kumi na tisa, mwenye rangi mmoja. Huyo mmoja rangi yake ilikuwa imebanduka, limebaki tone kama la jamu. Nikamgeuzageuza nisijue kama ni rangi au ni kidonda, mwisho nikamwandika kwa huruma. Wengine niliokutana nao, akina Hakimu na Mama Mkwe na ukoo wao, tulisalimiana, nikawaambia haya nendeni zenu, nyinyi mlishaandikwa. Usimwandike mtu mara mbili, ndivyo ulivyosema. Mimi stoo nimewahi kumfukuzisha mtu kazi kwa kosa hilo hilo, mifuko ya saruji ileile aliingiza daftarini Jumatatu na Alhamisi.

Nieleze basi, hizo namba mbili unazifanyaje mpaka uwajue kobe ambao sijawaona? Wazee wa bwawa la pili, yaani la benchini, wanasema unapiga ramli.

Babu yako, karani mkuu wa kobe

Aprili 2

Shikamoo Babu, na pole na matope.

Mia saba na sitini! Nilipiga hesabu mara tatu nikadhani kalamu inanidanganya. Mwalimu wangu alikunja uso, akasema mwenye rangi mmoja tu ni haba sana, nani aliyekamata? Nikamwambia ni mtu ambaye hajawahi kupoteza hata msumari. Akasaini.

Umeuliza inavyofanyika. Chukua kopo la maharage. Chota, hesabu arobaini, uyapake rangi, uyarudishe, utikise vizuri. Kisha chota tena bila kuchagua. Ukikuta nusu ya hayo uliyochota yana rangi, basi yale arobaini yako ni nusu ya kopo, na kopo lina themanini. Sisi tumekuta mmoja kati ya kumi na tisa. Maana yake arobaini wetu ni sehemu moja kati ya kumi na tisa ya kobe wote. Arobaini mara kumi na tisa, unapata jibu. Hakuna ramli.

Ofisi imeshajibu. Wangekuwa chini ya mia, wasingeruhusu kumwagwa hata ndoo moja ya udongo. Kwa kuwa ni mia saba na zaidi, wanasema hali ya kobe ni nzuri na kiwanda kinaweza kuchukua ule upande wa kusini. Mimi nilitegemea wingi wao ndio ungewalinda. Lakini mwalimu anasema mia saba watajibana watoshe, na mimi namba ninazo mkononi, nibishe kwa lipi?

Kesho naondoka kwenda mlimani kwa wiki nne, tunahesabu mimea ndani ya fremu za mraba, fremu mia mbili. Simu hazishiki huko. Barua zinapanda na gari la chakula, na ratiba yake wanasema usiiamini. Wewe andika tu.

Mjukuu wako

Aprili 9

Mjukuu wangu,

Nakusalimu, na safari hii sitauliza kifua, nitaenda moja kwa moja.

Jumamosi nilibeba kopo la maharage mpaka benchini niwaonyeshe wale wazee kuwa mjukuu wangu si mpiga ramli. Nikapaka arobaini kwa wino wa fundi viatu. Nikarudisha, nikatikisa, nikachota. Nikaanza kutenga: haya yana wino, haya hayana. Fundi viatu akaniuliza, "Sasa hayo yenye wino mbona unayaweka pembeni? Si ndiyo unayoyatafuta?" Nikamjibu, "Hayo nilishayahesabu, bwana." Nikasikia maneno yangu mwenyewe. 

Mjukuu wangu, wenye rangi niliwaacha. Wote. Niliona wekundu nikasema huyu ni wa Februari, huyu yumo tayari, usimwandike mara mbili. Wewe ulikuwa unasema juu ya raundi hii, mimi nikaelewa tangu mwanzo wa dunia. Yule mmoja niliyemwandika ni kwa sababu sikuwa na hakika naye.

Nashukuru sina akili ila nina mazoea. Stoo hata mzigo uliokataa kuupokea unauwekea kijiti cha kalamu pembeni mwa daftari. Vijiti vyangu ni ishirini na tatu, kila kobe kimoja tu, maana nao niliwatia doti tumboni. Kwa hiyo niliowakamata ni arobaini na wawili, wenye rangi ishirini na wanne. Nimepiga hesabu yako kwa maharage, nikapiga kwa penseli, nikampa mke wa fundi viatu ambaye alisoma mpaka mbele, naye akapiga. Sabini.

Si mia saba. Sabini.

Nimeazima simu nikakupigia mara nne. Mwanamke yule wa ndani ya simu anaongea taratibu kwamba hupatikani. Mara ya nne nikamweleza na yeye habari nzima, akakata.

Zuia ile ripoti. Sijui wanazuiaje, wewe unajua.

Babu yako

Aprili 18

Mjukuu wangu,

Natumai u mzima huko kwenye majani yako. Barua ya kwanza sijui kama imekufikia, naandika nyingine, moja itapanda gari.

Jumatatu nilivaa shati la mazishi nikaenda ofisi ya mazingira. Binti wa mapokezi ana adabu, hilo nimsifu.

"Shikamoo mzee. Una miadi?"

"Marahaba. Miadi sina, nina kobe sabini."

"Wa kuuza?"

"Wa kusahihisha."

Akanipeleka kwa bwana mmoja wa tai fupi inayoishia tumboni. Nikamweleza yote, rangi, vijiti, maharage. Nilikuwa nayo mfukoni nikaanza kuyapanga juu ya meza yake, akayasogeza kwa kidole yasiguse karatasi.

"Mzee, ripoti inasema mia saba na sitini."

"Hiyo namba imetoka kwangu."

"Umesaini wewe?"

"Mjukuu wangu."

"Basi aje mjukuu wako."

"Yuko mlimani, anahesabu majani."

"Unaona? Mtaalamu yuko kazini. Wewe baba, pumzika nyumbani."

"Nikikuletea daftari lenye vijiti?"

"Daftari lina saini ya nani?"

Profesa, miaka thelathini na miwili nimekaa kwenye dirisha la stoo nikiwaambia watu neno hilo hilo. Hakuna saini, hakuna mzigo. Wengine walikuwa na mvua mgongoni. Sikujua kama linaingia ndani namna ile.

Niliporudi, malori mawili yalikuwa yameshamwaga. Nikamwambia dereva asimame, hesabu imekosewa. Akazima injini kabisa, akashuka, akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akasema, "Babu, mimi nimeambiwa nimwage tu," akamwaga.

Nijibu.

Babu yako

Aprili 27

Mjukuu wangu, hujambo.

Sina habari ila moja. Leo asubuhi nimemwona Mama Mkwe juu ya kifusi, mahali ulipokuwa ule mchanga wa kusini. Wameshindilia kwa ile mashine ya gurudumu la chuma. Alikuwa anachimba kwa miguu ya nyuma, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nilikaa kwenye ndoo nikamtazama mpaka jua likawa kali. Alipata shimo la kina cha kidole. Akapumzika, akahamia pembeni, akaanza upya. Nilitaka kumsaidia kwa jembe nikaogopa nitamkata. Baadaye akarudi majini.

Alikuwa anatafuta nini?

Babu

Mei 5

Shikamoo Babu yangu,

Barua zako tatu nimezipata leo kwa pamoja, gari liliharibika chini ya mlima wiki mbili na nusu. Nimezisoma nimekaa juu ya magunia ya unga. Mpishi akaniuliza kama nimefiwa.

Nimeshuka na gari hilo hilo, nakuandikia nikiwa stendi. Nimempigia bwana wa tai fupi. Anasema jalada limefungwa. Anasema nikitaka kubadilisha namba nilete utafiti mpya, na utafiti mpya hauwezi kuanza mpaka kiangazi, na hata ukija na sabini, udongo uliokwisha kumwagwa hauchotwi. Nikamwambia nilikosea. Akaniuliza kama nataka hilo liandikwe rasmi kwenye jina langu. Nikasema ndiyo, liandikwe. Akasema sawa, ataandika, ila halitabadilisha kitu. Mwalimu wangu amenisikiliza, na jina langu ameliondoa kwenye kazi ya mlimani.

Usijilaumu. Nisikilize, usinitanie kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona mmoja kati ya kumi na tisa akasimama kujiuliza. Na wewe ulinieleza waziwazi, mlisalimiana na akina Hakimu ukawaambia waende zao. Nilidhani unatania. Niliruka mstari huo nikachukua namba, kwa sababu niliipenda. Ilikuwa namba kubwa na ilikuwa na jina langu chini yake.

Umeuliza Mama Mkwe alikuwa anatafuta nini. Anataka kutaga. Kobe hawa hutaga kwenye mchanga laini unaopata jua, na kwenye bwawa lile mchanga ulikuwa upande wa kusini tu. Kule kwingine ni kuta za udongo, kiwanda chenu kilikochimba udongo wa matofali, hawezi kupanda. Hawatakufa, Babu. Hilo ndilo baya. Kobe anaishi miaka mingi, watu watapita wakiwaona wanaota jua, watasema si hao hapo, hali ni nzuri. Watazeeka tu bila mtoto hata mmoja, mpaka wa mwisho. Na hesabu ya kawaida haitaonyesha kitu kwa miaka ishirini.

Sijui nifanye nini. Nimesoma miaka mitano na sijui nifanye nini.

Mjukuu wako

Mei 16

Profesa wangu,

Marahaba, na pole. Kula. Nakujua, ukikasirika unakunywa chai tupu halafu kifua kinaanza.

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale benchini, isipokuwa mahali unapolia. Fundi viatu akasema, "Sasa yule wa tai fupi hawezi hata kuja kuangalia?" Nikamwambia aje aone nini? Akija atawaona wanaota jua.

Nami nimejaribu langu. Usicheke. Nilikokota mchanga ndoo kumi na saba, wa yule jirani anayejenga, yeye hajui na wewe usimwambie, nikaumwaga pembezoni mwa kifusi nikausawazisha vizuri kama kitanda. Siku ya pili mvua iliyokataa kuja tangu Machi ikakumbuka anwani. Asubuhi mchanga wote uko chini ya maji, na goti langu limekwenda moja kwa moja, halina hata salamu. Mama Mkwe alikuja akazunguka hapo, akanitazama. Nikamwambia, mama, mimi nimeishia hapo. Mayai yake ameyaangusha majini, manne, meupe, yakaelea kidogo. Nimekuandikia kwa sababu ulisema niandike kila kitu, na mara moja sikuandika kila kitu unaona tulipofika.

Wale niliowarudisha kwenye mvua pale dirishani zamani wamo humu mtaani, mmoja wao ni huyu fundi viatu. Juzi nikamkumbusha: uliwahi kuja kuchukua misumari nikakurudisha kwa kukosa saini. Akasema, "Mara tatu." Akaendelea kupiga soli.

Malori yamemaliza. Uwanja umenyooka kama meza, bado hakuna hata gari moja lililoegeshwa.

Mitego naendelea kutega. Umesema kiangazi ndipo utafiti mpya unaweza kuanza. Basi kiangazi kitanikuta na daftari. Najua udongo hauchotwi, usinirudie kunieleza. Lakini namba ile imekaa huko ofisini, mia saba na sitini, kila siku inaamka asubuhi inasema uongo kwa sauti yangu, na mimi nisipokuwa na nyingine ya kuweka karibu yake sitapata raha hata kaburini. Safari hii namwandika kila mmoja, hata akija mara mia, kila mara kwa tarehe yake, hata Hakimu, ambaye jana alikuja mara mbili na mara zote mbili akanikojolea.

Sasa shida ndogo. Rangi inabanduka. Hakimu amebaki na mstari kama ukucha uliokatwa, Mama Mkwe ana tone moja, na kuna wengine siku mbili hizi nimewageuza nisijue kama ni wetu au si wetu. Hapa madukani wana ya waridi na ile ya bluu ya wasichana. Nataka nyekundu ileile, ya chupa fupi yenye kifuniko cheusi, unaikumbuka, ilikuwa kwenye kabati karibu na miwani yake. Ulisema utanirudishia. Ukipata nafasi, mjukuu wangu, niletee hiyo chupa moja tu.

Babu yako